Risasi Haijaribiwi Mara Mbili

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu unayenifuata gazetini, chukua kiberiti ukitikise. Utasikia njiti zikigongana humo ndani, lakini hutajua ni ipi itakayowaka na ipi itakayovunjika kichwa. Njia ya kujua ni moja tu, nayo ni kuiwasha. Na ukishaiwasha umeijua, lakini huna tena. Njiti iliyojaribiwa ni njiti iliyokwisha.

Risasi ya bastola ndivyo ilivyo. Tofauti ni kwamba njiti ikigoma utachukua nyingine, na ugali utachelewa kidogo. Risasi ikigoma kwa mtu aliyeficha bastola ndogo kiunoni ili imwokoe siku ya siku, huenda asipate nafasi ya kuchukua nyingine. Wiki hii basi tuangalie historia ya jambo hili. Imekuwaje mtu akaweka roho yake rehani kwa kitu asichoweza kukijaribu, na katika miaka hii karibu mia mbili amefanya nini ili apate kukiamini? Nitakaa zaidi Marekani, kwa sababu huko mamilioni ya raia hutembea na bastola ndogo ndani ya nguo kwa ruhusa ya sheria, na swali la "nitie risasi gani humu?" huulizwa dukani kila siku kama sisi tunavyouliza bei ya sukari.

Kwanza neno lenyewe, maana Kiswahili chetu hapa kimekuwa mchoyo. Risasi ni yale madini mazito ya kijivu. Risasi ni kile kipande kinachoruka na kumpata mtu. Na risasi, tena, ni kile kifurushi kizima kinachoingizwa ndani ya bastola. Kifurushi hicho kina ganda la shaba, baruti ndani yake, kichwa kilichobanwa mdomoni mwa ganda, na huko kitakoni kuna fataki, yaani kile kidonge kinachogongwa na pini kikatoa cheche. Leo nikisema risasi nina maana ya kifurushi. Kile kinachoruka nitakiita kichwa. Na habari yetu nyingi itahusu fataki, kidonge ambacho watu hawakitazami hata kidogo.

Turudi nyuma hadi tarehe 30 Januari 1835, mjini Washington. Rais Andrew Jackson, mzee wa miaka 67, alikuwa anatoka katika jengo la Bunge ambako alihudhuria mazishi ya mbunge mmoja wa South Carolina. Akajitokeza mtu mmoja, Richard Lawrence, mpaka rangi wa nyumba asiyekuwa na kazi, akamwelekezea bastola kwa karibu sana. Akafyatua. Fataki ikalia kwa kishindo hata watu wakadhani rais amekwisha, lakini baruti haikushika moto. Lawrence akatoa bastola ya pili. Nayo ikafanya vilevile: fataki ikalia, baruti ikagoma. Jackson, ambaye hakuwa mtu wa kukimbia, akamwendea na fimbo yake. Baadaye bastola zile zile zilijaribiwa, zikalia bila taabu yoyote. Wapo waliosema ni mkono wa Mungu, na wapo waliosema ni unyevunyevu wa siku ile. Lawrence alionekana hana akili timamu, akamalizia maisha yake hospitalini.

Nimeanza na kisa hiki si kwa sababu ya rais. Nimeanza nacho kwa sababu Lawrence alikuwa na bastola mbili nzuri, ndogo za kuficha, na zote mbili hazikuwa na kasoro. Kilichomwangusha ni kilichokuwa ndani yake. Katika zama zile mtu alijaza mwenyewe: anamimina baruti, anasukuma goroli, anabandika fataki juu ya kichuchu. Babu zetu waliokuwa na magobori wanaijua kazi hiyo, na wanajua pia kwamba gobori lililolala na baruti yake usiku wa masika, asubuhi hujui litasema nini.

Hiyo fataki yenyewe ilikuwa bado mpya. Chanzo chake ni mchungaji mmoja wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth, mpenzi wa kuwinda ndege. Bunduki za siku zile ziliwashwa kwa jiwe la gumegume, na ule mwako wa jiwe uliwashtua ndege wakaruka kabla baruti haijafanya kazi. Mchungaji akaanza kuchezea kemikali zinazolipuka zikigongwa, na mwaka 1807 akapata hataza ya mtambo wake. Kutokana na hapo wengine wakatengeneza kile kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali ya zebaki. Yaani mtu wa dini anataka kitoweo cha Jumamosi, na dunia nzima inabadilika namna ya kuuana. Historia ina mambo yake.

Baada ya Jackson, bastola ya kuficha iliyopata sifa kubwa ilikuwa ile ya Henry Deringer wa Philadelphia, fupi, ya risasi moja tu. Kwa bastola ya namna hiyo John Wilkes Booth alimpiga Rais Abraham Lincoln katika ukumbi wa Ford's Theatre tarehe 14 Aprili 1865. Safari hii fataki haikugoma. Bastola mbili zikakataa mwaka 1835, moja ikakubali mwaka 1865, na nchi ikaenda njia ile badala ya nyingine. Nadhani ni halali kuuliza ni kiasi gani cha historia ya Marekani kimekaa ndani ya kikofia cha shaba kisichozidi punje ya choroko.

Wakati Lincoln anauawa, lakini, mambo yalikwisha anza kubadilika. Mfaransa Louis Flobert mwaka 1845 alikuwa ameunganisha fataki na goroli kuwa kitu kimoja. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Massachusetts ikauza rivolva ndogo ya mfukoni iliyotumia risasi kamili ndani ya ganda, ile ndogo ambayo Wamarekani huiita 22 na ambayo bado inatengenezwa hadi leo. Mtu hakuhitaji tena kumimina baruti kwenye mvua. Kiwanda kilimfungia kila kitu.

Ndipo tatizo lilipohama. Zamani ikigoma ulijilaumu mwenyewe kwa kujaza vibaya. Sasa umekabidhiwa mbuzi kwenye gunia. Na gunia lile lilikuwa na tundu lake. Risasi hizi za 22 hazina fataki katikati ya kitako. Kemikali huwekwa mbichi ndani ya ganda, halafu ganda huzungushwa kwa kasi ili kemikali isambae kwenye ukingo wa kitako, na pini ya bastola hugonga ukingo huo. Kama kemikali haikusambaa sawasawa, upande mmoja wa ukingo unabaki mtupu. Pini ikiangukia hapo, utasikia "ta!" na kimya. Izungushe risasi hiyo hiyo kidogo, uigonge tena, huenda ikalia. Kwa kulenga makopo hiyo ni habari ya kucheka. Kwa mtu anayeitegemea kuokoa maisha, hakuna cha kucheka.

Dawa yake ilikuwa kuweka fataki katikati. Katika miaka ya 1860 Mwingereza Edward Boxer na Mmarekani Hiram Berdan kila mmoja alitengeneza fataki yake ya katikati, na kwa kioja ambacho sijapata kuchoka kukisimulia, Wamarekani wakaishia kuipenda ile ya Mwingereza, na nchi nyingi za Ulaya zikaipenda ile ya Mmarekani. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi. Baruti hii haikuacha masizi mengi, na bila hiyo bastola inayojijaza yenyewe isingeweza kufanya kazi, maana ingeziba baada ya risasi chache.

Sasa anaingia John Browning, fundi kutoka Ogden katika jimbo la Utah, ambaye kwangu mimi ndiye aliyelielewa tatizo letu kuliko mtu yeyote. Browning aliuza fikra zake kwa kiwanda cha Fabrique Nationale, au FN, kilichoko Herstal karibu na mji wa Liège nchini Ubelgiji. Wasikilizaji wa Kenya huenda wakalifahamu jina hilo, kwa kuwa ndio hao hao waliosaidia kujenga kiwanda cha risasi cha Eldoret katika miaka ya 1990. Browning akawapa bastola ya mfukoni na risasi yake ya milimita 7.65 mwaka 1899, na kisha mwaka 1905 risasi ndogo kabisa ya milimita 6.35, ambayo kwao Marekani inaitwa 25.

Hiyo ya 6.35 ndiyo nataka tuitazame. Nguvu yake ni haba. Ukiipima kwenye bastola fupi, inakaribiana sana na ile 22 iliyokuwepo tangu zamani. Watu wameicheka kwa miaka zaidi ya mia moja, kwamba kwa nini mtu ajitaabishe kutengeneza risasi mpya, ya bei kubwa zaidi, halafu iwe dhaifu vilevile? Jibu liko kitakoni. Browning aliweka fataki katikati, na umbo la ganda akalinyoosha ili lipande vizuri kutoka kwenye magazini. Nguvu aliiacha kama ilivyokuwa. Alichokinunua kwa gharama ile ni uhakika kwamba ikigongwa italia, na ikilia, ya pili itapanda bila kukwama. Huyu fundi alijua kwamba katika bastola ndogo swali la kwanza ni kama risasi italia au haitalia. Swali la itapiga kwa nguvu gani linakuja baadaye.

Na hebu tazama kalenda. Mwaka huo huo wa 1905, huku kwetu, watu wa Umatumbini na kusini yote wa ile iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani walinyunyiziwa maji ya Kinjikitile wa Ngarambe wakiamini kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Huko Herstal watu wakaamini kwamba risasi zao kamwe hazitageuka kitu kingine. Imani mbili juu ya kitu kimoja, na aliyekuwa na imani ya pili ndiye aliyekuwa na kiwanda.

Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alikuwa na bastola nyingine ya Browning kutoka kiwanda hicho, ya risasi fupi ya milimita 9, ambayo Wamarekani huiita 380. Alipiga mara mbili, watu wawili wakafa, Mfalme Mtarajiwa Franz Ferdinand na mkewe Sophie, na kilichofuata kilitufikia hadi Tanga na Taveta. Hakuna risasi iliyokwama.

Lakini fataki za wakati huo zilikuwa na siri yao. Nyingi zilitumia chumvi ya kloreti, ambayo baada ya kulipuka huacha ndani ya mtutu masalia yanayofanana na chumvi ya mezani. Chumvi huvuta maji hewani. Mwenye baiskeli Mombasa au Bagamoyo hahitaji kuelezwa zaidi. Bastola iliyopigwa jana na kurudishwa mfukoni bila kuoshwa, kesho kutwa imeshika kutu. Katika miaka ya 1920 viwanda vya Ujerumani na Marekani vikaanza kuuza fataki zisizoleta kutu, ingawa majeshi mengi yaliendelea na zile za zamani kwa miaka mingi, kwa hoja kwamba zimezoeleka na zinakaa ghalani bila kuharibika.

Hadi hapo, ndugu msikilizaji, kila mtu alijua kwamba risasi ya bastola ndogo iwe na kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba. Inateleza, inapanda, basi. Lakini upande wa pili walikuwepo waliotaka kichwa kinachofunguka kama ua kikimpata mtu, ili kimdhuru zaidi. Waingereza walivitengeneza vya bunduki katika kiwanda cha Dum Dum karibu na Kalkuta, na Azimio la Hague la mwaka 1899 likavikataza vitani kwa mataifa yaliyotia saini. Azimio hilo lilihusu vita. Polisi na raia halikuwagusa, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 wauza risasi wa Marekani wakaanza kuwatangazia raia vichwa vyenye tundu kwenye ncha, kila kimoja kikiwa na jina la kutisha kuliko kingine.

Jina moja kati ya hayo lilijulikana dunia nzima tarehe 30 Machi 1981. John Hinckley alisimama nje ya hoteli mjini Washington na rivolva ya bei rahisi ya 22, akapiga mara sita kwa muda usiozidi sekunde mbili, akimlenga Rais Ronald Reagan. Ndani alikuwa ametia risasi ziitwazo Devastator, yaani ziharibuzo, zilizowekewa kidonge cha kemikali kichwani ili zilipuke zikigonga. Zote sita zililia. Lakini kwa ushahidi uliopatikana, ni moja tu iliyolipuka, nayo ilimpata kichwani msemaji wa rais, James Brady, aliyebaki na ulemavu hadi alipofariki mwaka 2014. Ile iliyompata Reagan iligonga kwanza gari lake, ikabanjika kama sarafu, ikamwingia ubavuni bila kulipuka, ikakoma karibu na moyo. Nyingine ilibaki shingoni mwa askari polisi, na ilipojulikana ni risasi za aina gani, ilibidi afanyiwe upasuaji na madaktari waliovaa fulana za kuzuia risasi, kwa hofu kwamba itawalipukia mikononi.

Sitaki nieleweke vibaya. Ni heri hazikulipuka. Lakini yule aliyeziuza aliahidi jambo moja, na katika sita amelitimiza mara moja.

Miaka mitano baadaye ikaja siku iliyobadilisha mjadala wote. Tarehe 11 Aprili 1986, katika mtaa mmoja wa Miami, maofisa wanane wa shirika la upelelezi la FBI waliwabana majambazi wawili wa benki, William Matix na Michael Platt. Mapema katika mapambano yale, ofisa Jerry Dove alimpiga Platt kwa risasi ya milimita 9 yenye tundu. Kichwa kilipita kwenye mkono, kikaingia kifuani, kikafunguka kama kilivyoundwa, na kwa kuwa kilifunguka kikapoteza mwendo, kikakoma kabla ya kuufikia moyo. Platt aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa. Dove na mwenzake Benjamin Grogan wakauawa, na maofisa wengine watano wakajeruhiwa, kabla majambazi wote wawili hawajafa.

FBI iliilaumu risasi ile. Wapo waliosema, nami nawaelewa, kwamba ni rahisi kukilaumu kipande cha shaba kuliko kuulaumu mpango wa kazi ulioamuru bastola ziwaendee watu wenye bunduki. Hata hivyo, lawama ile ilizaa jambo la maana. Mwaka 1987 FBI iliwaita wataalamu wa majeraha, na kutokana na mazungumzo hayo ukatokea utaratibu wa kujaribu risasi kwa kuzipiga ndani ya jeli iliyopikwa kwa kipimo maalumu, kwanza tupu, kisha ikiwa imefunikwa nguo nzito, bati, mbao au kioo cha gari. Daktari wa upasuaji wa jeshi, Martin Fackler, ndiye aliyeifanya jeli hiyo iheshimike. Kipimo kikawa kwamba kichwa kipenye angalau inchi 12, yaani kama sentimeta 30. Kwa mara ya kwanza mnunuzi alikuwa na namba za kulinganisha, badala ya majina ya kutisha. FBI yenyewe ilihama kwenye risasi ya milimita 9, ikaenda kwenye kubwa zaidi, kisha katikati ya miaka ya 2010 ikarudi kwenye milimita 9, kwa maelezo kwamba risasi zenyewe zimeboreka.

Kasoro ni kwamba jeli haiwezi kukuambia kama bastola yako itaikubali risasi hiyo. Na hapa ndipo raia wa Marekani alipoanza kupata taabu.

Mwaka 1987 jimbo la Florida lilipitisha sheria iliyoilazimisha serikali kumpa kibali cha kuficha bastola kila raia aliyetimiza masharti. Majimbo mengine yakafuata, na kufikia mwaka 2024 zaidi ya nusu ya majimbo 50 yalikuwa hayadai kibali chochote kwa mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria. Mwaka 1994 sheria ya shirikisho ilikataza magazini mpya za zaidi ya risasi 10, hadi ilipokwisha muda wake mwaka 2004. Viwanda vikajiuliza, kama ni risasi 10 tu, basi kwa nini bastola iwe kubwa? Mwaka 1999 kampuni ya Kel-Tec ikauza bastola ya risasi ya 7.65 ya Browning, nyepesi kiasi kwamba ikiwa tupu haifiki gramu 200. Mwaka 2008 kampuni ya Ruger ikatoa ya 380, nayo gramu 300 haifiki. Zikauzwa kama karanga.

Kumbuka risasi hizi zilichorwa na Browning zikiwa na kichwa cha mviringo. Ile ya 7.65 ina ukingo mdogo kitakoni unaojitokeza kidogo nje ya ganda. Risasi yenye tundu kwenye ncha huwa fupi kuliko ile ya mviringo, kwa hiyo ndani ya magazini inabaki na nafasi ya kucheza mbele na nyuma. Bastola inapotikisika, ukingo wa risasi ya juu unarudi na kunasa nyuma ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Hapo zimefungana kama pingu. Bastola haikwamuliwi kwa kupiga kofi, bali mpaka utoe magazini na kuchokoa. Mtu alikwenda dukani kununua risasi "bora zaidi", na ubora huo ndio uliomfungia bastola.

Ile ya 380 haina ugonjwa huo, lakini ina wake. Katika bastola ndogo kila kitu ni kifupi: mtutu, njia ambayo risasi hupandia, na nafasi ya kipande cha juu kurudi nyuma na kwenda mbele. Magazini ina sehemu ndogo sana ya sekunde kuinua risasi inayofuata. Tundu pana kwenye ncha linaweza kujigonga kwenye ukingo wa njia ya kupandia na kusimama hapo. Tena, kasi ya mtutu mfupi ni ndogo, kwa hiyo kichwa chenye tundu mara nyingine huziba kwa nyuzi za nguo na kisifunguke, na mara nyingine hufunguka na kisipenye vya kutosha. Ndiyo maana utawakuta Wamarekani wenye uzoefu wa miaka mingi ambao kwenye bastola za mfukoni wamerudi kwenye ile ile risasi ya mviringo ya Browning. Wenzao huwaita wahafidhina. Mimi naona wamesoma historia.

Kuna na jambo jingine ambalo wengi hawalijui hadi waonyeshwe. Mtu hutoa risasi kwenye bastola kila jioni kwa usalama wa watoto, na asubuhi huirudisha ile ile. Kila inaporudishwa, kichwa hugonga njia ya kupandia na kusukumwa kidogo ndani ya ganda. Baada ya majuma kadhaa, ukiilinganisha na mwenzake iliyobaki kasheni utaiona ni fupi. Kichwa kikisukumwa ndani, mgandamizo unapanda pale inapolia, na unaweza kupita kiasi.

Basi mtu afanye nini? Ushauri wa kawaida huko ni kuchagua risasi moja, kununua za kutosha za aina hiyo hiyo, na kupiga kama 200 kwa bastola hiyo hiyo na magazini hizo hizo. Isipokwama hata mara moja, iamini. Ni ushauri mzuri, na ni ghali, kwa hiyo wengi hupiga kasha moja la 20 wakaridhika. Lakini hata 200 zinasema nini? Wenye kujua hesabu wana kanuni yao: ukijaribu mara 300 bila kosa hata moja, unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kosa haliwezi kuzidi mara moja katika mia. Kwa 20 bila kosa, huenda kosa likafika hata mara moja katika saba. Na zote ulizozijaribu, mia tatu nzima, hazipo. Iliyoko kwenye bastola ni ile ambayo hukuijaribu.

Mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, Wamarekani walinunua bastola kwa wingi usio wa kawaida, na risasi zikaadimika madukani. Ile ya 380 ilikuwa miongoni mwa zile ambazo mtu alizitafuta mwezi mzima bila kuziona. Watu waliotoka kununua bastola yao ya kwanza walitia chochote walichokipata, za jamaa, za kasha lililofunguliwa, za viwanda vitatu tofauti katika magazini moja, na wakazibeba hivyo bila kupiga hata moja, kwa kuwa ukipiga huna ya kurudishia.

Kuhusu viwanda, jibu lao ni la zamani. Mji wa Liège ulianza kuwa na utaratibu wa kuhakiki silaha tangu mwaka 1672, na mwaka 1914 ndipo huko huko ilipoanzishwa tume ya kimataifa ya vipimo vya silaha na risasi, ambayo katika nchi wanachama uhakiki wake ni sheria. Marekani ilianzisha chombo chake mwaka 1926, cha wenye viwanda wenyewe na cha hiari. Kote kazi ni ile ile. Risasi hutengenezwa kwa mikupuo. Kutoka kila mkupuo huchukuliwa chache, hupigwa, hupimwa mgandamizo na mwendo, na zilizobaki huuzwa kwa heshima ya zile zilizokufa. Mkupuo una namba yake. Hutakuta namba hiyo kwenye ganda la risasi ya raia, huchapwa kwenye kasha tu, na ndiyo kiwanda hukitangaza kikigundua kwamba fataki za mkupuo fulani zina kasoro na kuwataka watu wazirudishe. Mwenye bastola ya mfukoni hujaza magazini yake dukani au garini, na kasha hulitupa siku hiyo hiyo.